Mtazama Makoti

Ijumaa ile nilikuwa na kazi moja tu kabla giza halijaingia, nayo ni kukagua makoti.

Meza niliiweka pale ninapoiweka kila mwaka, kwenye lango la shamba la kondoo la akina Greenwood, juu kidogo ya kijito. Daftari. Taa ya bati yenye mshumaa. Kioo cha kukuzia cha marehemu mke wangu Hazel, alichokitumia kutungia uzi macho yalipoanza kumchoka. Mbele yangu foleni ya watu zaidi ya mia, wamevaa kama ni mwaka 1644, kila mmoja anangoja nimwambie kama kesho anaruhusiwa kufa.

Ndiyo, kufa. Sisi ni watu wazima wenye kazi zetu, ambao mwisho wa wiki huvaa sufu inayowasha na kupigana upya vile vita vya Uingereza, vya Mfalme na Bunge, mbele ya watazamaji wenye viti vya kukunja na sandwichi za mayai. Kanali wetu, Clive Hebblethwaite, siku za kazi ni fundi bomba. Mimi, Edgar Sugden, nilikuwa mkaguzi wa vitambaa kiwandani kwa miaka thelathini na moja, na kikosini ni mkaguzi wa usahihi. Kwangu hapiti mtu mwenye saa mkononi. Hapiti mwenye zipu, wala mwenye uzi wa nailoni. Wananiita Bwana Uzi wakidhani sisikii.

Nikiri mapema jambo moja, maana hadithi yote imesimama juu yake. Mimi hutazama nguo kwanza, uso baadaye. Mara nyingi usoni sifiki. Wenzangu nawajua kwa vifungo vyao.

Winnie Lumb, mpishi wetu, alikuja na chai ndani ya kikombe cha udongo ili isionekane. Mwaka 1644 chai ilikuwa haijafika Uingereza, na yeye anajua kwamba ninajua. Niliinywa. Kwenye chai huwa nafumba macho.

"Joel anakuja kweli?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndivyo alivyoandika."

"Basi fumba macho na kwake, Edgar. Chai unaifumbia macho, koti la marehemu litakushindaje?"

Simu yangu nilikuwa nimeificha ndani ya kikapu, chini ya vitunguu, kosa ambalo ningemfukuzia mtu mwingine. Ujumbe wa mwanangu nilikuwa nimeusoma mara ishirini. *Baba, nakuja kesho. Nitavaa koti la mama. Ukilikataa safari hii, sitakusumbua tena maisha.*

Koti lenyewe Hazel alilishona miezi yake ya mwisho. Kikosi chetu ni bluu iliyokoza, naye alipata kitambaa cha bluu ya mbinguni, kwa sababu hakuwa na nguvu za kutafuta kingine. Mikono ilikuwa inatetemeka. Kola alishindwa kuimaliza kwa mkono, akaipitisha kwenye cherehani, mshono wa zigizaga. Alifariki mwezi wa tatu. Mwezi wa tano Joel akaja mezani kwangu amelivaa, nami nikaigeuza ile kola mbele ya foleni nzima, nikasema hapana. Nikaongeza kwamba mama yake alizijua kanuni. Joel alilivua, akalikunja vizuri kama shati la sikukuu, akaenda zake. Miaka minne sijaisikia sauti yake.

Na ukweli mchungu ni kwamba jioni ile, kwa ujumbe ule wote, nilikuwa bado sijaamua.

Foleni ilipungua. Nilimrudisha mwanamke mmoja akafute rangi ya kucha. Nilimkatalia kijana wa benki viatu vyake vya mpira. Alipolalamika nikamsomea ile karatasi, kama ninavyowasomea wote. Ni barua ya kapteni mmoja wa kikosi chenyewe, kile cha kweli, kuhusu vita vya uwanja huu huu, nami ndiye niliyeifukua kwenye sanduku la nyaraka. *Kijana mmoja wa kwetu ameuawa na watu wetu wenyewe, akiwa na shati tu, koti lake likiwa lime*... Hapo panya walikula. Mwisho wake huwa naumalizia mwenyewe: limepotea kwa uzembe wake.

"Umesikia?" nikamwambia yule wa benki. "Asiye na koti la wenzake, wenzake humwua. Mimi sikuonei, nakulinda."

Akaenda akinuna.

Ukungu ulianza kupanda kutoka kijitoni. Kambini mtu alikuwa akipiga ngoma ya mazoezi, kisha akaacha katikati ya pigo. Kondoo wakanyamaza. Nilifunga daftari.

"Bado mimi, bwana."

Sikuwa nimemsikia akija.

Niliinua taa mpaka usawa wa kifua, kama kawaida yangu. Koti. Nilitaka kucheka. Lilikuwa la njano, njano ya maganda ya vitunguu, limepauka mabegani. Vifungo havikufanana hata viwili. Kimoja cha mfupa. Kimoja cha kitambaa. Cha tatu, juu kabisa, kilikuwa kokwa la plamu lililozungushiwa uzi.

"Hiki nini?" nikamwuliza. "Unakwenda vitani au unakwenda kuuza matunda?"

"Ndiwe mtazama makoti?"

Alinong'ona. Nilidhani anaogopa, wageni wengi huniogopa.

"Ndimi. Nani kakupa hili?"

"Mama alinishonea."

Neno lile lilinichoma, na kinachonichoma hunitia ukali. Nikaikamata kola nikaigeuza, nikaiweka chini ya kioo cha Hazel.

Jamani... ule mshono.

Nimeshika vitambaa maisha yangu yote. Sijawahi kuona mkono kama ule. Uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, hatua ndogo kama chembe za chumvi, hazikupotoka hata pale sufu ilipokuwa nene. Sufu yenyewe ilisokotwa na mtu aliyefanya hivyo kila siku ya uhai wake. Ilikuwa imelowa, lakini kutokea ndani. Na ilinuka. Moshi, mafuta ya kondoo, na chini ya hayo harufu ya udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa asubuhi.

Kichwani nilijua. Nasema hivi leo: kichwani nilijua kwamba koti lile halikutengenezwa na mtu niliyepata kukutana naye. Lakini rangi. Kikosi hiki ni bluu, na mimi ndiye niliyemkatalia mwanangu kwa rangi. Ningempitishaje mpita njia?

"Haliingii," nikasema. "Mama yako amefanya kazi nzuri, ila angeuliza kwanza. Livue, uliache hapa. Kama huna jingine, kesho utatazama na wenye viti."

Upepo haukuwepo, lakini mwali wa mshumaa ulilala upande.

"Kesho watanijuaje?"

"Watakujua kwa uso wako, kama kila mtu."

Niliyasema maneno hayo mimi, bila kuinua taa.

Alilivua. Akalikunja, akaliweka mezani taratibu, kifungo cha kokwa juu. Alipogeuka niliona mgongo wa shati lake. Katikati palikuwa na tundu, na kuzunguka tundu doa kubwa la kahawia lililokauka.

"Safari ile nayo uliniambia hivyo hivyo," alisema.

Akateremka kuelekea kijitoni. Miguu yake ilikuwa mitupu, na majani marefu hayakupinda.

Nilikaa pale mikono juu ya meza. Winnie akaja na sinia lake la vikombe, akatazama chini bondeni. "Umemvua nguo nani tena? Nimemwona kijana wa watu na shati tu, atapata homa."

"Ulimwona uso?"

"Nilidhani Joel. Kimo ni kile kile." Akaniangalia. "We Edgar. Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Nilifungua daftari kwenye ile karatasi. *Akiwa na shati tu, koti lake likiwa lime*... Miaka yote nimeumalizia mstari ule kwa neno langu. Sasa neno lake lenyewe lilinijia bila kuitwa.

Limezuiliwa.

Nililala na koti lile ndani ya hema, kama kulala huko kunaitwa kulala. Kabla ya alfajiri nilikuwa nimeamua. Joel aje na bluu ya mbinguni, aje na zigizaga, aje na koti la waridi akitaka. Nitamkumbatia mbele ya wote, na atakayecheka nimkague mpaka soksi. Nilipanda kilimani kutafuta mtandao nimwandikie. Mtandao haukuwepo.

Jumamosi Joel alichelewa. Saa sita mchana mistari ilikuwa imepangwa, ngoma zinalia, watazamaji wameshafungua sandwichi zao. Mimi nilikuwa bado langoni na meza yangu. Nikamwona anakuja mbio kwenye njia ya kondoo. Kijana mrefu, suruali ya kitani, viatu sahihi.

Na shati tu.

"Koti liko wapi?" Sikumsalimu hata. Miaka minne, na neno langu la kwanza kwa mwanangu likawa hilo.

"Nimeliacha garini, baba." Alikuwa anahema, anatabasamu kidogo. "Nimefikiria njia nzima. Ulikuwa sahihi, rangi siyo yenyewe. Sitaki tugombane tena, mzee. Tusimame pamoja leo, basi. Inatosha."

Sikilizeni vizuri hapa. Gari lilikuwa uwanja wa pili, mwendo wa dakika kumi kwenda na kurudi. Ningeweza kumwambia kalilete. Clive angenisubiri, na kama hasubiri potelea mbali. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa koti la bluu iliyokoza, sahihi kuanzia kola hadi pindo, ningeweza kumvulia. Wazo hilo halikunipita hata kichwani. Winnie ndiye aliyenitajia baadaye, na tangu siku hiyo sijaweza kulivaa.

Nilichofanya ni kuingiza mkono chini ya meza nikatoa lile la njano.

"Vaa hili. Usiende na shati. Nakuomba, Joel, usiende na shati."

Nimewaambia watu kwamba ilikuwa hofu. Uongo. Nusu ilikuwa hofu. Nusu nyingine nilitaka kuliona. Koti la kweli kuliko yote niliyowahi kuyashika, juu ya mwili wa mwanangu, katika mstari wangu. Jana nililikataa kwa rangi yake, leo nikalitamani kwa ukweli wake, na siku zote mbili sikumfikiria aliyelivaa.

Joel alilitazama. "Hili ndilo sahihi?"

"Hakuna sahihi zaidi."

Alilivaa. Lilimkaa kama aliyepimwa. Alipofunga kile kifungo cha kokwa, tabasamu likamtoka usoni polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka alichoacha jikoni.

"Lina baridi," alinong'ona. "Baba... ndani lina baridi."

Ngoma zikatuita.

Tulisimama bega kwa bega, mikuki juu, yeye kushoto kwangu. Bunduki zikalia mbele. Baruti tupu, bila risasi, lakini moshi wake ni moshi. Ukatufunika wote, mweupe, wenye ladha ya mayai yaliyooza. Nikawa sioni zaidi ya urefu wa mkono. Upande wangu wa kushoto niliona njano. Nikatulia.

Kisha nikamsikia.

"Baba!"

Sauti ilitoka mbele. Ndani ya moshi, upande wa maadui.

"Baba, ni mimi! Ni Joel! Wazuie!"

Nikatazama mbele. Mtu alikuwa anatukimbilia, mikono juu, na shati jeupe. Uso wake sikuuona vizuri kwa moshi. Nikatazama kushoto. Koti la njano lipo, limetulia ubavuni mwangu, kokwa lake kooni.

Sauti ya mwanangu kule. Koti hapa.

Clive akapaza sauti nyuma yetu. "Sukuma!"

Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja. Baba mwingine yeyote duniani angeijua sauti ile, angetupa mkuki, angepiga magoti.

Nikaamini koti.

Mstari ulisonga, nami nikasonga nao. Sikusikia ukelele, nilisikia pumzi tu, ile fupi ya mtu anayeshtushwa ghafla. Kisha kiatu changu kikakanyaga kitu laini, ambacho hakikuwa majani.

Moshi ukapungua. Kipenga kikalia. Mwishoni mwa kila pambano Kanali hutoa amri ambayo watoto wa watazamaji wanaipenda kuliko zote: "Wafu, amkeni!" Wafu wakaamka. Watu thelathini wakainuka wakijipangusa nyasi, wakicheka, wakitaniana nani alikufa vibaya. Makofi yakapigwa. Mimi nilikuwa chini kwa magoti, napapasa ardhi mahali nilipokanyaga. Nyasi tupu. Zilikuwa na joto.

"Bwana."

Niliinua uso. Alikuwa amesimama juu yangu. Pua ya Joel. Kovu la Joel chini ya kidevu, la siku aliyoanguka na baiskeli. Macho yake yalikuwa mepesi, yametulia, kama ya mtu aliyefika nyumbani baada ya safari ndefu.

"Ahsante, bwana mtazama makoti," alinong'ona. "Safari hii wamenijua."

Ilikuwa miezi saba iliyopita.

Daktari anasema ni mshtuko wa kelele za baruti, kwamba kumbukumbu zitarudi, tumpe muda. Daktari ni mtu mwema, amesoma, na hajawahi kumwona akila. Anamega mkate kwa mikono na kuupaka mafuta ya nyama. Nyama huikata kwa kisu chake, halafu hukifuta pajani na kukirudisha kiunoni. Simu ya Joel iliita mfukoni mwa suruali siku ya kwanza, akaitupa kijitoni. Anafunga viatu kwa fundo ambalo nimelisoma vitabuni na sijawahi kumfundisha mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuweza kulifunga. Chai hajui ni kitu gani. Winnie alimmiminia, akainusa, akaisogeza pembeni. Winnie akaweka birika chini, akachukua mkoba wake, na kwangu hajarudi.

Tangu hapo amenisemesha mara moja tu, nje ya duka la mkate, bila kunitazama.

"Mchuma janga hula na wa kwao, Edgar. Ulimvua mmoja, ukamvisha mwingine. Yule wa Hazel yuko wapi?"

Ijumaa jioni huwa naendesha gari mpaka lango la Greenwood. Nasimama pale ilipokuwa meza. Ukungu ukipanda, wakati mwingine kuna mtu ng'ambo ya kijito, na shati. Hasogei. Namwita kwa jina lake mpaka sauti inakauka. Nimejaribu kuukumbuka uso wa mwanangu ili niwe na hakika, na ninachokumbuka ni kwamba siku ya kwanza shule alivaa sweta ya kijivu, na kifungo cha pili kilikuwa kimelegea.

Nyumbani nimemkagua huyu. Nafanya hivyo akiwa amelala, na taa ya bati, kama mwizi. Nimeangalia kucha, meno, mishono, namna anavyolala amejikunja, miguu ikielekea moto. Natafuta kosa moja. Kosa dogo tu, neno la kisasa usingizini, jina la timu ya mpira, chochote cha Joel kilichobaki humo ndani. Hakuna. Maisha yangu yote nilitafuta mtu asiye na kosa, na huyu hana.

Jumapili iliyopita niliamua kufanya nilichokiogopa. Gari la Joel bado liko uani kwangu. Nililifungua. Koti lilikuwa kwenye kiti cha nyuma, limekunjwa vizuri, ndani ya mfuko wa plastiki ili lisilowe. Bluu ya mbinguni. Niliiweka pua yangu ndani ya kola, nikalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi ya Hazel.

Nikaliingiza jikoni. Alikuwa mezani anamenya kitunguu kwa kile kisu.

"Hili ni lako," nilimwambia. "Livae. Tafadhali. Mama alikushonea."

Aliacha kisu. Akafuta vidole pajani, kimoja kimoja. Akalipokea koti kwa adabu, akalipeleka dirishani kwenye mwanga, akaigeuza kola kama ninavyogeuza mimi. Akapitisha ukucha juu ya zigizaga ya mke wangu, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilishika ukingo wa meza nikangoja.

"Sijui nani kashona hili," alisema. "Haliingii, bwana."

Akalikunja, akaliweka mezani mbele yangu, akarudi kwenye kitunguu chake.

Miaka minne nilitafuta mtu mmoja, mmoja tu, wa kuniambia kwamba sikukosea kuhusu lile koti. Nimempata. Analala chumbani kwa mwanangu.